Udaktari na uzamivu kwa pamoja: niombe wapi?

Swali: Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa nne MBChB (shahada ya udaktari), Makerere, na nataka kufanya utafiti wa kifua kikuu. Niombe MD-PhD za Marekani, yaani udaktari na uzamivu (PhD) katika programu moja?

Jibu 1: Marahaba. MD-PhD inafundisha udaktari tangu mwanzo, miaka 7 au 8 kwa kawaida. Wewe utakuwa daktari tayari, kwa hiyo maliza intaniship (mazoezi ya kazi hospitalini) ya mwaka mmoja kisha omba PhD peke yake. Tena ruzuku ya MSTP, inayolipia wanafunzi wa MD-PhD na kutoka NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Vyuo vichache hulipia wageni kwa fedha zao, na vingi hudai masomo yaliyosomwa Marekani au Kanada. Soma sharti hilo kabla hujalipia MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari huko.

Jibu 2: Naunga mkono. Tafuta profesa wa kukusimamia utafiti kwanza, chuo baadaye. Pitia makala zake za karibuni: wanafunzi wake ndio waandishi wa kwanza? Ruzuku yake itadumu hadi umalize? Kwa kifua kikuu anzia nyumbani, IDI (taasisi ya magonjwa ya kuambukiza) ya Makerere au kitengo cha utafiti cha MRC/UVRI na LSHTM kilichoko Entebbe. Gates Cambridge, ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, nayo hupokea Waganda. Ukimwandikia profesa, taja swali lako la utafiti. Barua ileile ikitumwa kwa watu ishirini hutambulika na haijibiwi.

Jibu 3: Na watakaokuandikia barua za mapendekezo waombe mapema sana. Hapo ndipo maombi mazuri hukwama.