Anwani za memori: butiloda ya biti 32, kerneli ya biti 64. Nitumie aina gani?

biti_moja:
Wakuu, habari za kazi. Nina butiloda (programu inayopakia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi) ya x86 ya BIOS. Hatua ya pili inakompailiwa kwa `-m32`: inachukua ramani ya memori kwa mwito wa BIOS `int 0x15` (EAX=0xE820), inawasha long mode (hali ya biti 64 ya prosesa), kisha inarukia kerneli iliyokompailiwa kwa `-m64`. Hedafaili ni moja kwa pande zote mbili.

Mwanzoni anwani zilikuwa `unsigned long`. Nikiwasha QEMU (kiigizi cha kompyuta) kwa `-m 6G` (memori ya GB 6), linatokea eneo la GB 3 linaloanzia 0 na kupandana na lile la chini. Nimebadili:

```
struct eneo {
    uint64_t mwanzo;
    uint64_t urefu;
    uint32_t aina;
};
```

Sasa hatua ya pili inachapisha vizuri, ila kerneli inapata rekodi ya kwanza tu. Kuanzia ya pili ni takataka. Nigeuze kila kitu kiwe `uintptr_t`?

mashine_tupu:
Hapana mkuu, hiyo itakurudisha ulikotoka. Kwenye `-m32`, `uintptr_t` ni baiti 4, sawa na `unsigned long`. Kwa `-m 6G` QEMU inaweka GB 3 chini na GB 3 zilizobaki kuanzia 0x100000000. Kata biti 32 za juu za namba hiyo, inabaki 0. Ndilo eneo lako la ajabu.

Takataka za sasa zina chanzo kingine. Kwenye i386 `uint64_t` iliyo ndani ya strakti inapangwa kwa baiti 4, kwa hiyo `sizeof` ni 20. Kwenye x86-64 inapangwa kwa baiti 8, na kompaila inaongeza pengo mwishoni: 24. Butiloda inaandika kwa hatua za 20, kerneli inasoma kwa hatua za 24. Jaza pengo mwenyewe na umlazimishe kompaila akubali:

```
    uint32_t sifa;
};
_Static_assert(sizeof(struct eneo) == 24, "ukubwa");
```

Faida nyingine: unaweza kumpa BIOS ECX=24 na kusogeza DI (rejista inayomwonyesha BIOS pa kuandika) kwa 24 kila mara. Kabla ya kila mwito weka `sifa = 1`, kwa sababu BIOS nyingine hurudisha baiti 20 tu na hizo 4 za mwisho haziguswi kabisa.

Kwa hiyo: `uint64_t` kwa anwani halisi ya memori na kwa chochote kinachovuka kutoka hatua moja hadi nyingine. `uintptr_t` ni ya kupita tu, pale kielekezi kinapogeuzwa namba au namba kuwa kielekezi. Kielekezi chenyewe usikiweke kamwe kwenye strakti inayovuka.

rejista_ya_sita:
Naongezea hapo kwenye kupita, maana ndipo wengi wanapoumia. Ukiandika `(uint64_t)ptr` moja kwa moja kwenye `-m32`, GCC inatanua kwa kunakili biti ya alama (ile ya juu kabisa). Fremubafa (memori ya picha ya skrini) iliyoko 0xFD000000 inamfikia kerneli ikiwa 0xFFFFFFFFFD000000. Andika `(uint64_t)(uintptr_t)ptr`, biti za juu zitakuwa sifuri.

Upande wa pili, `(void *)(uintptr_t)anwani` inanyamazisha onyo la kompaila lakini biti zinapotea vilevile. Tanguliza `if (anwani > UINTPTR_MAX)` na ukatae, la sivyo utaandika juu ya memori ya mtu mwingine kimyakimya.

Halafu barakoa ya kufuta biti za chini. `mwanzo & ~0xFFFU` inafuta biti 32 za juu, kwa kuwa `~0xFFFU` ni 0xFFFFF000 na inatanuliwa kwa sifuri. Cha kuchekesha, bila ile U ingefanya kazi. Usitegemee bahati hiyo: `~(uint64_t)0xFFF`.

biti_moja:
Asanteni sana, ramani imenyooka pande zote. Swali dogo: `printf` yangu ya `%lx` inachapisha nusu ya namba, na nikigawanya urefu kupata MB linka inalalamikia `__udivdi3` (funksheni ya kugawanya namba za biti 64).

mashine_tupu:
`%lx` kwenye `-m32` inachukua baiti 4 tu, na hoja zinazofuata zote zinateleza. `stdint.h` ipo hata bila maktaba ya C, lakini `inttypes.h` haina uhakika, kwa hiyo usitegemee PRIx64 (makro yake ya kuchapisha biti 64 kwa hex). Andika `chapa_hex(uint64_t)` yako, mistari kumi haifiki. Kugawanya: `urefu >> 20` inatosha. Ukitaka kugawanya kwa namba isiyo kipeo cha 2, linki na `-lgcc` (maktaba ya GCC yenye funksheni hiyo).

rejista_ya_sita:
Na kama una mpango wa kuhamia UEFI (mrithi wa BIOS), sahau `unsigned long` kabisa. Ukikompaili kwa mingw (GCC ya Windows) ya x86-64 ni baiti 4, ukitumia GCC ya Linux ni 8, kodi ileile. Tumia UINTN kwa ukubwa wa mashine, na EFI_PHYSICAL_ADDRESS kwa anwani. Hiyo ni biti 64 hata kwenye UEFI ya biti 32. Ramani yake usiitembeze kwa `sizeof`: strakti ni baiti 40 lakini OVMF (UEFI ya QEMU) inarudisha DescriptorSize (ukubwa wa kila rekodi) ya 48. Songa kwa DescriptorSize ukitumia kielekezi cha baiti, la sivyo takataka zako za rekodi ya pili zitarudi.