Friesian damu kamili au chotara kwa mfugaji wa Igombe, Mwanza?

Banda_Igombe:
Wakuu, habari za mchana. Nipo Igombe, Ilemela, si mbali na mwalo. Nina banda la ng'ombe wawili la bati, tenki la lita 2,000, na mabingobingo (majani marefu ya kulishia ng'ombe) nusu ekari yenye miezi mitano. Nataka kuanza na ng'ombe mmoja wa maziwa na nimeonyeshwa wawili.

Wa kwanza ni mtamba (jike ambaye hajazaa bado) wa Friesian "damu kamili" kutoka nyanda za juu kusini, mimba miezi sita, bei 3,800,000 akiwa ameshushwa Mwanza. Muuzaji anasema mama yake alikuwa anatoa lita 25. Wa pili ni chotara wa Friesian na Boran, yuko Misungwi, mimba miezi minne, 1,900,000. Huyu anaambiwa lita 8 hadi 10 akizaa.

Maziwa nitauzia majirani, yatakayobaki nigandishe. Lita 25 zinanivuta, sikatai. Wanaojua ng'ombe hawa kwa mazingira ya huku kanda ya ziwa, naombeni ushauri.

Josho_Langu:
Mkuu, kabla ya lita uliza kwanza habari za kupe. Ng'ombe aliyekulia baridi kama ya Kitulo, zaidi ya mita 2,600, anashushwa kwetu ambako ziwa lenyewe liko mita 1,134. Anakutana na joto na kupe kwa mpigo mmoja, tena akiwa na mimba.

Kinachoua Friesian wengi wageni ni ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikio. Tangu kupe mwenye vijidudu amng'ate hadi homa ianze ni kati ya siku 8 na 25. Ndiyo maana mtu anapokea mnyama mzima, wiki ya tatu anaanza kulaumu majani. Tezi chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, joto linafika nyuzi 40 na kuendelea (la kawaida ni 38 hadi 39.3), baadaye anakohoa, anapumua kwa shida na povu linatoka puani. Dawa ya buparvakwoni inasaidia sana tezi zikiwa ndiyo kwanza zimevimba. Mapafu yakishajaa maji, unatupa hela. Kipimo chake ni ml 1 kwa kilo 20 za uzito, hivyo ng'ombe wa kilo 450 anakula karibu ml 22 kwa sindano moja. Piga hesabu ya chupa hizo ndipo utajua kwa nini kuzuia ni rahisi.

Chotara naye anaumwa, asikudanganye mtu. Tofauti ni kwamba aliyezaliwa Misungwi na kunusurika mpaka amepata mimba, kuna uwezekano mkubwa ameshaonja ugonjwa huo na mwili wake unaujua. Yule wa baridi hana kinga yoyote.

Chanjo ya ndigana kali ipo, hupigwa mara moja, na hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni. Inapigwa sambamba na oksitetrasaikilini ya muda mrefu, kwa sababu chanjo yenyewe ni vijidudu hai. Shida yako ni mimba ya miezi sita: mnyama mwenye mimba kubwa hachanjwi. Kwa hiyo kama muuzaji hana cheti na hereni ya chanjo sikioni, huyo utakaa naye bila kinga mpaka azae. Hata aliyechanjwa haachi kuogeshwa, maana chanjo hii haigusi ndigana baridi wala mkojo mwekundu, na hayo pia huletwa na kupe.

Kuogesha kwenyewe ndiko watu wanakokosea. Amitrazi ya asilimia 12.5 ni ml 2 kwa lita moja ya maji, yaani ml 30 kwenye pampu ya lita 15. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 8 mpaka 10. Wengi wanampitishia lita 3 mgongoni, kupe wanabaki walipo. Anza miguuni ukipanda juu, puliza kinyume na manyoya, halafu nenda makwapani, kati ya mapaja, kwenye kiwele, chini ya mkia. Masikio usiyapulizie kwa mbali: kunja sikio kwa mkono wenye glavu, pulizia ndani mpaka uone dawa inachuruzika kwenye ncha. Kila siku 7, masika usiruke hata wiki moja. Kupe wakiendelea kushiba siku 2 baada ya dawa ya kipimo sahihi, hapo badilisha kundi la dawa, sio jina la chupa tu.

La pembeni: kama una punda wa kuchotea maji, dawa hiyo ya amitrazi usimguse nayo. Inamfunga utumbo na inaweza kumuua.

Gunia_la_Pumba:
Josho_Langu kamaliza kupe, mimi niongelee tumbo.

Friesian wa kilo 450 anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 13.5. Mabingobingo mabichi ni maji matupu: ukikausha kilo 5 unabaki na kilo 1 hivi. Kwa hiyo ni kilo 67 za majani mabichi kila siku, tani 24 kwa mwaka. Nusu ekari haitoi hizo bila kumwagilia na kumwaga samadi kila baada ya kukata. Chotara wa kilo 350 naye anataka kilo 52, bado nusu ekari haimtoshi, ila yeye utamsogeza na mabua ya mahindi, marando ya viazi na nyasi kavu za ngitili (malisho yaliyotengwa kwa kiangazi), na hatakonda vibaya. Friesian ukimlisha mabua anatoa maziwa kwa kula mwili wake. Mbavu zinatokeza, na halafu joto la kutaka dume halirudi.

Hapo kwenye joto ndipo hela inapopotelea. Mimba ni siku 283. Ili azae kila mwaka una siku 82 tu za kumpandisha tangu kuzaa, na kila joto linalopita bure ni siku 21. Akikonda akakosa joto nne, mwaka unaofuata unalisha ng'ombe mkavu.

Sasa zile lita 25. Majani mazuri peke yake yanabeba kama lita 7, zaidi ya hapo kila lita 2 inataka kilo 1 ya chakula cha nyongeza. Lita 25 ni kilo 9 kila siku, kilo 270 kwa mwezi. Chotara wa lita 10 ni kilo moja na nusu tu. Muuzaji hakusema uongo kuhusu mama yake, ila hakukutajia gunia zilizokuwa nyuma ya hizo lita.

Mchanganyiko wa kilo 100 kwa huku kwetu: pumba ya mahindi 68, mashudu ya pamba au alizeti 28, madini ya ng'ombe wa maziwa 2, chokaa ya mifugo 1, chumvi 1. Pumba ya mpunga ikague kabla ya kulipa. Ile laini kama unga ni chakula, ile yenye maganda yanayochoma kiganja ni ya kutandika bandani. Mashudu ya pamba usimpe ndama aliye chini ya miezi minne, yana sumu ambayo tumbo lake bado haliwezi kuizuia. Ukitaka kutumia dagaa waliosagwa, kilo 5 zinachukua nafasi ya kilo 8 za mashudu, halafu ongeza pumba kilo 3. Wape baada ya kukamua, la sivyo wateja watakuuliza kwa nini maziwa yananuka mwalo. Na dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga: tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, uangalie kinachotuama.

Banda_Igombe:
Nashukuruni sana wakuu, hesabu ya gunia imenishtua. Maswali mawili. Magugu maji yamejaa ufukweni, siwezi kuyatumia kuziba pengo la majani? Na kuna njia ya kupata maziwa mengi bila kwenda kwenye Friesian kamili?

Gunia_la_Pumba:
Magugu maji zaidi ya asilimia 90 ni maji. Atakula mpaka tumbo liwe ngoma na bado ana njaa. Kidogo yaliyonyaushwa, sawa, kuyafanya chakula hapana.

Ila hofu yangu kubwa ni majani yote ya ufukweni, sio magugu tu. Konokono wa kwenye tope ndio wanaobeba minyoo bapa wa ini, na vijidudu vyake hukaa vimeganda kwenye shina la jani karibu na maji. Ukilazimika kukata huko, kata juu ya alama ya maji na uanike juani siku mbili tatu, inapunguza, haimalizi. Dalili ni uvimbe laini chini ya taya, fizi nyeupe, manyoya yaliyosimama. Albendazoli inaua wale wakubwa tu, kwa hiyo dozi moja haitoshi, na usimpe mwenye mimba changa.

Mbegu_Bora:
Mimi nitapingana kidogo na walionitangulia. Friesian sio mkosaji, mkosaji ni kumnunua kabla ya majani. Mwenye ekari moja na nusu ya mabingobingo, sailo (majani yaliyosindikwa kwa akiba), na anayeogesha bila kuruka anaweza kumfuga Mwanza. Wewe kwa sasa hauko hapo.

Kwa swali lako la pili: Jersey, aina nyingine ya ng'ombe wa maziwa. Mzito wa kilo 350 hadi 400, anakula kidogo, anavumilia joto kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5 wakati ya Friesian ni 3.5 hivi. Kwa mtu anayegandisha, mgando wa Jersey unakatika kwa kijiko. Kasoro yake ni homa ya maziwa: anaanguka siku moja au mbili baada ya kuzaa kwa kupungukiwa kalisiamu, shingo kaipindia ubavuni, masikio ya baridi. Daktari awe karibu na chupa ya kalisiamu. Kupe ni vilevile, hana kinga.

Njia ya bei nafuu ni huyo huyo chotara wa Misungwi, akizaa umhimilishe (apandishwe kwa mrija badala ya dume) kwa mbegu ya Jersey. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, mbegu zinafika kanda ya ziwa. Muulize afisa mifugo wa kata nani ana mtungi wenye naitrojeni, maana mtungi uliokauka ni mbegu iliyokufa. Ukimwona kwenye joto asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, kesho yake asubuhi. Usikimbilie kupandisha Friesian juu ya Friesian kila uzao. Kutoka damu ya Friesian asilimia 50 unafika 75, inayofuata ni 87.5, na hapo umerudi kwenye ng'ombe yule yule uliyemkimbia.

Josho_Langu:
Naunga mkono chotara, ila usimlipie kwa picha ya simu. Nenda Misungwi asubuhi na daktari wako, sio wa muuzaji. Apime mimba kwa mkono, na achukue damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba, ambao na binadamu anaupata kwenye maziwa mabichi. Wewe unauzia majirani, kipimo hicho usikiruke.

Rangi isikupumbaze. Weusi unatawala, chotara wa kwanza wengi ni weusi tii wenye weupe kidogo tumboni, na mabaka makubwa peke yake sio cheti, maana wapo wa kienyeji wenye mabaka. Tazama nundu: damu 50 inabaki na kinundu na ngozi inayoning'inia shingoni, Friesian kamili mgongo umenyooka. Fungua mdomo. Meno mawili makubwa ya mbele ni kama miaka 2, manne miaka 2 na nusu, yakijaa manane huyo si mtamba tena, hata aitweje. Papasa chuchu zote nne na uhesabu kama kuna ya tano. Pitisha vidole chini ya masikio kutafuta tezi, pima joto, geuza masikio uone kupe. Akiwa na kupe wengi sana usikatae papo hapo, ila ujue muuzaji haogeshi na bei ishuke.

Kama una muda, pita pia shamba la serikali la Mabuki, hapo hapo Misungwi, linazalisha mitamba. Uliza kama wana wanaouzwa ili ulinganishe.

Akifika Igombe, na kibali cha kusafirisha mifugo mkononi, mwogeshe siku hiyo hiyo na mpime joto asubuhi na jioni kwa siku 21. Andika ukutani kwa chaki. Na hilo banda la bati: saa nane mchana simama ubavuni kwake, hesabu tumbo linavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Ikizidi 60, joto limemshinda. Pandisha paa mpaka mita 3 au uezeke nyasi juu ya bati, na maji yasikatike, maana ng'ombe anayekamuliwa anakunywa lita 60 hadi 100 kwa siku. Tenki lako likijaa linamtosha wiki tatu hivi, ukitoa ya kuoshea vyombo.

Banda_Igombe:
Nimeelewa. Jumamosi naenda Misungwi na daktari. Yule wa milioni 3.8 nimemwambia asubiri. Mabingobingo nakata lini mara ya kwanza? Yamenipita kichwa.

Gunia_la_Pumba:
Yamekomaa mno, mkuu, shina limeshakuwa fimbo. Kata yote wiki hii, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, mwaga samadi kati ya mistari. Yanayofuata yakate yakifika mita moja, kila wiki 6 hadi 8. Hayo ya sasa yakatekate vipande vya sentimita 3 uyasindike kwenye mifuko ya nailoni na molasi kidogo, yatamsubiri.