Albamu imekamilika studio, lakini demo za chumbani zina uhai zaidi. Nitoe zipi?

Mtunzi_wa_Usiku
Habari zenu wakuu. Natunga, naimba na kupiga gitaa mwenyewe. Nyimbo zote za albamu yangu ya kwanza nilizirekodi kwanza chumbani, sauti na gitaa kwa pamoja mbele ya maikrofoni moja; hizo ndizo demo. Baadaye nikaingia studio kwa prodyuza anayeijua kazi yake: dramu, besi, kibodi, fidla. Miksi, yaani kuchanganya sauti zote pamoja, imekwisha na ni safi.

Shida ni kwamba nikirudi kwenye demo nasikia kitu ambacho kule hakipo. Kuna wimbo wa kumuaga mzazi. Kwenye demo, kabla ya ubeti wa mwisho nanyamaza, kidole kinasikika kikiteleza kwenye uzi, kisha naingia polepole kuliko nilivyoanza. Studio tulifuata metronomu, kile kifaa cha kushika mwendo usiobadilika, kwa hiyo naingia palepale kwenye mdundo na maneno yanapita kabla msikilizaji hajayapokea. Waliosikia za studio walisifia muziki. Waliosikia demo waliniuliza ni nani huyo anayeagwa.

Prodyuza anasema nikitoa demo, wachambuzi wataandika kwamba nimeleta kazi nusu. Albamu ya kwanza unaitoa mara moja tu. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu.

FundiMiksi
Mkuu, tenganisha uimbaji na ubora wa rekodi. Unachokipenda kwenye demo ni uimbaji. Sasa kagua rekodi yenyewe: je, sauti imepasuka popote ulipoimba kwa nguvu? Kama imepasuka, hakuna dawa ya maana. Na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa moja, ni vigumu kuinua sauti bila gitaa kupanda nayo.

Kama ni safi, usiogope kwamba iko chini. Spotify husawazisha nyimbo kwenye takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo ule mbio wa kubana wimbo ili upige kelele kuliko wengine hauna faida kama zamani. Wimbo wa gitaa na sauti unaweza kubaki na pumzi zake.

Santuri_Kongwe
Jambo hili lina historia. Mwanzoni mwa 1982 Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alirekodi nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ndogo ya kaseti yenye treki nne. Zilikuwa demo za kuwaonyesha wenzake wa E Street Band, bendi yake. Wakaingia studio wakazipiga bendi nzima, na nyingi zikapoteza kile kiza chake. Mwishowe ikatoka kaseti ileile, ambayo alikuwa akitembea nayo mfukoni bila kasha, na mafundi walipata taabu kweli kuihamishia kwenye santuri. Ndiyo albamu ya Nebraska, Septemba 1982, na Marekani ilifika nafasi ya 3 kwenye chati ya albamu.

Lakini watu wakisimulia kisa hiki huishia hapo, na nusu ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Kati ya nyimbo alizozirekodi nyumbani kipindi kile ulikuwamo Born in the U.S.A. Huo bendi iliubeba vizuri mno, ukawekwa kando, ukatoka 1984 na dramu zake zote. Mtu yuleyule, mashine ileile, nyimbo mbalimbali zikadai mavazi mbalimbali. Kwa hiyo swali la "demo au studio" kwa albamu nzima mimi silikubali. Uliza wimbo mmoja mmoja.

BesiNzito
Niwe mkali kidogo, kaka. Demo umeisikiliza mara nyingi mno, sikio limeizoea, na chochote tofauti kitakuudhi. Hilo huwapata watunzi wote. Weka zote mbili kando kwa muda, kisha mpe mtu asiyekujua asikilize bila kuambiwa ipi ni ipi. Na tafadhali zilinganishe ukubwa wa sauti kwanza, maana inayosikika juu kidogo hushinda hata kama si bora.

Mtunzi_wa_Usiku
BesiNzito, nakuelewa, nitafanya hivyo. Ila hilo swali la "nani anaagwa" liliulizwa na watu wasionijua kabisa.

BesiNzito
Basi huo wimbo umeshajijibu. Nyingine zipime.

Santuri_Kongwe
Kuhusu wachambuzi, Nick Drake, mwimbaji wa Uingereza, alirekodi albamu ya Pink Moon London kwa usiku mbili, yeye na fundi John Wood tu, gitaa na sauti, piano kidogo kwenye wimbo mmoja. Albamu yake ya nyuma ilikuwa imejaa vyombo. Hiyo ya 1972 haikuuza, naye akafariki 1974 akiwa na miaka 26. Leo inahesabiwa miongoni mwa albamu bora za aina yake. Siahidi kwamba utapokelewa vizuri. Nasema tu mapokezi ya mwezi wa kwanza ni kipimo kibovu cha kuchagulia rekodi.

Wakili_wa_Wasanii
Kabla ya yote, soma mkataba. Haki ya utunzi ni kitu kimoja, haki ya rekodi ni kingine. Angalia kama kuna kipengele kinachokuzuia kutoa toleo jingine la nyimbo hizo.

FundiMiksi
Na kuna njia ya tatu, mkuu. Rudi studio, zima metronomu, imba na kupiga kwa pamoja kama chumbani, lakini maikrofoni mbili: moja ya mdomo, moja ya gitaa. Besi na fidla waje baadaye wakufuate wewe. Dramu zitasumbua kwa sababu mwendo wako unayumba, ila kwa wimbo wa kuaga sioni dramu zinatafuta nini.

Mtunzi_wa_Usiku
Nashukuru sana wakuu. Wimbo wa kuaga unabaki demo ileile, nimeukagua, haujapasuka. Mitatu ya polepole nitairudia kwa njia ya FundiMiksi. Iliyochangamka naiacha na bendi yake. Je, demo moja katikati ya nyimbo za studio haitamshtua msikilizaji?

FundiMiksi
Itamshtua ikifuata mara moja baada ya wimbo wenye dramu. Kabla yake weka mmoja wa ile mitatu utakayoirudia, na acha ukimya mrefu kidogo kati ya nyimbo hizo mbili. Anayefanya masta, yaani marekebisho ya mwisho ya sauti kabla ya kutoa albamu, apewe albamu nzima kwa mpangilio wake, asipewe wimbo mmoja mmoja.