Mrejesho: taa ya mlingoti na betri ya boti, Tanga

Wakuu, niliuliza jinsi ya kufikia taa iliyozimika juu ya mlingoti wa boti yangu ndogo ya matanga, ile ya kuvutwa na trela, na betri ipi niweke. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuulaza mlingoti, boti ikiwa kwenye trela. Aliyesema nipande, samahani mkuu: boti nyepesi namna hii hupinduka mtu akiwa juu. Kumbe balbu ilikuwa nzima, chumvi ndiyo ilikula plagi ya chini. Nimebadilisha, inawaka.

Betri nimechukua lithiamu ya 100Ah (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), kilo 12 hivi; ya asidi ingefika 30. Tatizo limebaki moja: chaja ya sola ya zamani haina mpangilio wa lithiamu, betri haijai. Bado natafuta nyingine.