Ute wa kahawia umevamia tangi la maji ya bahari, naombeni msaada wa haraka

Kijana wa Mbezi:
Wakuu, habari za majukumu. Nina tangi la maji ya bahari, lita 400, lina matumbawe laini, samaki sita na konokono wa kula mwani. Umetokea ute wa kahawia umefunika mchanga na mawe. Unatoa nyuzinyuzi, na kwenye ncha ya kila uzi kuna kiputo cha hewa. Ukiugusa unavutika kama mlenda. Nauondoa asubuhi, jioni umerudi. Chumvi inasoma 1.025, joto nyuzi 26, taa zinawaka saa kumi kwa siku. Usingizi sina. Mwenye kujua ni kitu gani na dawa yake ni ipi, tafadhali asinipite.

Chaza Mkavu:
Pole mkuu. Badilisha maji nusu tangi, utakuja kunishukuru.

Dogo wa Feri:
Samaki sita, nazi mbili, ndimu na pilipili. Tatizo limekwisha.

Bi Mwani:
Mwanangu, mimi nalima mwani Paje na najua bahari inavyokasirika. Zamani tulikuwa tunapanda mwani aina ya kotoni, bei yake nzuri. Maji yalipoanza kupata joto ikawa inaoza kwenye kamba, unakwenda bamvua unakuta vipande vinakatika mkononi. Sasa wengi tumebaki na aina ya spinosamu, ya bei ndogo lakini inastahimili. Angalia joto lako, usipuuze.

Fundi Tangi:
Shikamoo Bi Mwani. Joto lake halina shida, nyuzi 26 ni sawa kabisa. Mkuu, kabla hujamwaga chochote nijibu: usiku ute unapungua? Naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vya kwenye maji, zinasoma ngapi? Konokono wako hai?
Nauliza kwa sababu kuna ndugu watatu wanaofanana. Sayanobakteria mara nyingi ni wekundu wa damu ya mzee, wanatandaza ngozi laini, ukishika pembeni inabanduka kipande kizima. Daiatomu ni vumbi la kahawia lisilo na nyuzi. Huja tangi likiwa jipya na silika ikiisha kwenye maji huondoka zenyewe. Wa tatu ndiye simtaki nyumbani kwa mtu.

Kijana wa Mbezi:
Vipimo viko vizuri mkuu. Nataka dawa tu.

Fundi Tangi:
"Vizuri" si namba.

Kijana wa Mbezi:
Naitreti 0, fosfeti 0. Ndiyo maana nikasema vizuri. Usiku sijaangalia sana, ila asubuhi kabla ya taa mchanga unakuwa msafi. Konokono baadhi wamekufa, nadhani uzee.

Fundi Tangi:
Samaki sita wanakula kila siku halafu fosfeti sifuri? Umeweka nini humo ndani?

Kijana wa Mbezi:
Kuna mfuko wa chembechembe za kufyonza fosfeti, niliuweka ute ulipoanza. Na jana usiku nimeweka nusu dozi ya erithromaisini, vidonge vya duka la dawa. Niliona video, mtu kaweka na maji yakasafika kabisa. Msinihukumu wakuu. Tangi si langu, ni la bosi, nimeachiwa nyumba na anarudi Jumamosi. Nusu iliyobaki naweka leo, maana antibayotiki haikatishwi katikati, hilo hata mtoto analijua.

Mlinzi wa Kasa:
Kabla ya dawa, hayo mawe na matumbawe yametoka wapi? Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, pwani ya Dar, ni hifadhi za bahari, na sheria ya hifadhi ya 1994 ipo. Watu wanang'oa jumba la samaki mia ili mmoja apambe sebule. Inaniuma sana.

Kijana wa Mbezi:
Dada yangu, mimi nimeyakuta hapa. Siwezi kumhoji mwajiri.

Fundi Tangi:
Dozi haikatishwi kwa mtu mgonjwa. Tangi si mgonjwa wa zahanati. Erithromaisini inaua bakteria, na sayanobakteria ni bakteria, ndiyo maana yule wa kwenye video alifanikiwa. Wewe nina wasiwasi una yule ndugu wa tatu, dinoflajelata, viumbe vidogo vya seli moja. Hao si bakteria, dawa hiyo haiwagusi. Inachoweza kufanya ni kuwapiga bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, na samaki ndio watalipa.
Hiyo sifuri unayojivunia ndiyo iliyowakaribisha. Washindani wao wamekufa njaa, wamebaki na uwanja peke yao. Na konokono hawafi kwa uzee kwa pamoja. Aina kama Ostreopsis zina sumu. Konokono akila ute anakufa.
Halafu sikia: hapa mjini tunanyonya mpira kwa mdomo ili maji yatembee. Usifanye hivyo tena. Jaza mpira maji kwanza, vaa glavu, usiguse macho.

Mzee wa Data:
Naomba niwaamshe. Hii ni chai. Akaunti imefunguliwa jana. Bosi kasafiri, Jumamosi anarudi, konokono wanakufa mmoja mmoja kila tukiuliza swali. Picha hata moja hakuna. Na Mbezi jana umeme ulikatika mchana kutwa, hizo taa za saa kumi zilikuwa zinawashwa na nini?

Dogo wa Feri:
Chai ya maziwa kabisa, nileteeni chapati.

Kijana wa Mbezi:
Kuna jenereta! Mnadhani nina muda wa kutunga?

Msafiri Maskati:
Chai au si chai, wadudu hao ni kweli. Mwaka 2008 huku Omani bahari iligeuka rangi, samaki wakafa kwa wingi, mitambo ya kusafisha maji ya bahari ikapata taabu hapa Ghuba. Nao walikuwa dinoflajelata, aina nyingine tu. Msimcheke kijana.

Fundi Tangi:
Mzee wa Data, mtunga hadithi angeanza na konokono, wala asingewaficha. Ila kipimo kipo. Kijana, fyonza ute kidogo kwa bomba la sindano, tia kwenye chupa ya maji ya tangi, tikisa mpaka upotelee, chuja kwa karatasi ya jikoni. Maji yaliyopita acha chini ya taa saa moja. Daiatomu na sayanobakteria hubaki kwenye karatasi. Dinoflajelata hupita na kujikusanya upya.

Kijana wa Mbezi:
Nimeweka picha tatu hapo juu, na chupa ipo kwenye ya mwisho. Yalikuwa maji meupe, sasa nyuzi zimerudi zinaning'inia. Vidonge sijaweka. Mfuko nautoa wote au nusu?

Fundi Tangi:
Wote, sasa hivi. Weka mkaa mpya wa kuchuja, utavuta sumu na dawa iliyobaki. Pima amonia leo na kesho. Usibadilishe maji. Lisha samaki kidogo zaidi, naitreti ifike 5, fosfeti 0.05 hivi. Zima taa siku tatu, funika tangi, weka pampu ya hewa. Kwa kuwa usiku wanaelea majini, taa ya UV, ile ya kuua vijidudu vinavyopita kwenye maji, itawapunguza sana. Wangekuwa wa kukaa mchangani isingesaidia.

Chaza Mkavu:
Mimi nilisema abadilishe maji na bado nasema.

Kijana wa Mbezi:
Bosi akikuta tangi limefunikwa blanketi nimwambie nini?

Fundi Tangi:
Mpigie leo umweleze, na muulize kama ana taa ya UV stoo.