Naomba ushauri: TV tatu za chogo, video zinapishana

Wakuu, habari za jioni. Naandaa kazi ya sanaa ya video, siyo filamu ya kukaa kwenye kiti mwanzo mwisho; hapa mtu anaingia chumbani, anazunguka, anatoka akitaka. Nimepata TV tatu za chogo kwa fundi Kariakoo. Ya kwanza inaonyesha pantoni ikitoka Magogoni, ya mwisho ikifika Kigamboni, ya katikati maji matupu. Msanii wa video Nam June Paik alishazichezea televisheni kule Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963, kwa hiyo sijavumbua kitu.

Shida ni hii: kila TV ina deki yake. Naziwasha zote kwa pamoja, ila zikijirudia kwa nusu saa hivi, pantoni inafika ng'ambo kabla haijaondoka! Rafiki yangu anasema niache, ndiyo sanaa yenyewe. Sitaki.

Je, nitafute kompyuta moja yenye njia tatu za picha, au kuna kakifaa ka bei poa? TV zinapokea waya wa njano, nyekundu na nyeupe tu, HDMI hazina. Na TANESCO wakikata umeme, zitajianzisha zenyewe? Bajeti haizidi laki tatu.