Msaada wa mtoko Mwanza: rafiki yangu Mjerumani anarudi kwao, na safari hii nataka nilipe mimi

Binti wa Nyegezi:

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu hapa Mwanza. Mwaka jana alikuja dada mmoja kutoka Ujerumani kujitolea, fani yake mazoezi ya viungo. Tumekaa chumba kimoja cha kazi, tumenyanyua watoto pamoja, tumelia pamoja mtoto mmoja aliposimama mwenyewe. Kwangu huyu si mgeni wa kituo tena, ni rafiki yangu. Kiswahili chake sasa kinatosha kubishana na konda. Mwisho wa mwezi anaondoka.

Kinachoniuma ni hiki. Tukitoka na watu wa kazini tukiwa wanne, baada ya nusu saa meza ina watu tisa, wengine hata hatuwajui. Bili ikija kila mtu anainamia simu yake, na mhudumu anaipeleka moja kwa moja mbele ya mzungu. Hajawahi kulalamika. Lakini nimeona anavyohesabu hela zake, na najua anapewa posho ya kujikimu tu, hana mshahara.

Nataka usiku mmoja wa sisi wawili. Ale vizuri, acheze, alione ziwa, na asiguse pochi. Nimetenga 80,000. Mimi nakaa Nyegezi, yeye Capri Point. Bia mbili tatu tunakunywa, hatuzidishi. Twende wapi, na wanawake wawili tunarudije usiku?

Ngosha wa Buzuruga:

Mwadila dada. Hela hiyo inatosha kabisa mkikaa mbali na hoteli kubwa za ufukweni.

Anzeni mapema. Jua la hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kwa hiyo saa kumi na mbili muwe maeneo ya kivuko cha Kamanga, lile jiwe la ziwani, Jiwe la Bismarck, mbele yenu. Jina lile ni la kansela wao wa enzi zile, hapo mtapata maongezi.

Kisha nendeni Kirumba mkale samaki. Agiza sato. Minofu ya sangara inapelekwa Ulaya miaka yote, akirudi ataikuta dukani kwao. Sato aliyetoka ziwani leo, na ugali wa moto na pilipili ya kuponda, hatamkuta. Ila nenda wewe kumchagua, yeye abaki mezani, na mkubaliane bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta.

Vinywaji lipa kila vinapoletwa. Ukiacha bili ikue, ndipo hao tisa wanapozaliwa.

Mama Wawili:

Mwanangu, usafiri upange kabla ya chakula. Tafuta dereva wa bajaji unayemfahamu, wa kijiweni kwenu, ambaye mama yako anajua anapokaa. Mkubaliane bei ya usiku mzima, awapeleke na awarudishe. Bodaboda baada ya saa nne usiku, mmepakizana wawili na mmekunywa, hapana. Kinywaji ukikiacha mezani kwenda kucheza, ukirudi usikinywe, agiza kingine. Namba ya polisi ya dharura ni 112, na yeye awe nayo kwenye simu yake.

Na msitoke Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara ikishatoka, mji mzima uko barabarani.

Mzee wa Igombe:

Nimevua dagaa miaka mingi, nami niseme langu. Chagua usiku wa giza, usiwe wa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, na wavuvi wengi wanapumzika. Kwenye giza mitumbwi inatoka na taa zake, na ukikaa mahali pa juu unaona mstari mrefu wa taa majini, kama kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Mgeni anaweza kukaa Mwanza mwaka mzima asizione, kwa sababu anarudishwa nyumbani mapema.

Ubaya wake, usiku wa giza wale wadudu wa ziwani nao wanaibuka kwa wingi na kuifuata taa. Msikae chini ya balbu. Wala msikubali mtu wa kuwakodishia boti usiku. Taa zinatosha kuonekana kutoka nchi kavu.

Muuguzi wa Zamu:

Nyongeza kwa aliyosema mzee. Mkienda ufukweni, asiingie majini hata kwa kulowesha miguu. Kichocho kinapita kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa kwenye maji ya kingoni, hasa penye majani. Dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, na huko kwao daktari anaweza asifikirie kichocho kabisa. Kama ameshawahi kuogelea ziwani tangu aje, apime, hata akiwa haumwi. Dawa ipo na inatibu.

Mkazi wa Pasiansi:

Dada, yote mazuri, lakini hilo la asiguse pochi silikubali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe ameshalishika mwaka mzima. Ukimkatalia kulipa hata soda, umemrudisha kuwa mgeni. Hao wa meza ya watu tisa wanamwona mzungu, na wewe ukilipa kila kitu kwa sababu ni mzungu, unamwona hivyo hivyo. Marafiki wa hapa mnafanyaje? Wewe samaki, yeye bia.

Binti wa Nyegezi:

Mkazi wa Pasiansi, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Bado nataka chakula na bajaji viwe vyangu, hapo sirudi nyuma, kwa sababu nataka akumbuke kuna mtu alimlipia Mwanza. Bia nitamwachia.

Mzee wa Igombe, wabeja sana. Tutatoka Jumamosi ile mwezi ukiwa haupo. Tunaanzia Kamanga, tunakula Kirumba, halafu tupande juu kuangalia taa. Dereva ni kijana wa jirani yetu, ameshakubali. Limebaki la muziki: mwenye kujua penye bendi ya dansi siku ya Jumamosi, pasipokuwa na spika za kupasua masikio, aniambie. Anapenda rumba, amejifunzia jikoni kwetu na mama.

Mama Wawili:

Bendi muulize huyo dereva, wao ndio wanaopeleka watu kila wiki. Vaeni nguo za mikono mirefu, mbu wa ufukweni hawajali sherehe. Na huyo binti alale kwenu usiku huo, mama yako apate kumuaga.

Binti wa Nyegezi:

Mama ameshatandika.